Kikapu Kilichofungwa Siku Kumi na Tisa

Siku Jatani alipotoweka Garsen ilikuwa Jumamosi. Saa kumi kasorobo alasiri watu walimwona amesimama mbele ya mlango wa Mzee Buya, nyuma ya kituo cha mabasi, amevaa kanzu nyeupe, koti jeusi na kofia ya kushonwa kwa mkono. Saa kumi na robo hakuwepo tena.

Alikuwa amekuja kuposa. Nyuma yake walisimama wazee wanne wa Kiorma, na ubavuni mshenga wao, Mzee Diba, na fimbo yake. Wanawake walikuwa wameshapitia mlango wa uani na kikapu cha posa. Ndani, nyuma ya pazia, Mwanaarusi, aliyekuwa akiposwa, alisimama na dera la zambarau, hina mikononi haijakolea vizuri. Kitu cha kwanza alichotazama kilikuwa mikono ya Jatani. Ilikuwa imetulia. Kwa miezi tisa hakuwahi kuiona imetulia namna ile, akashusha pumzi.

"Karibuni," akasema Mzee Buya, ami aliyemlea Mwanaarusi. "Karibuni ndani."

Mzee Diba akampisha Jatani atangulie. Jatani hakutangulia.

"Karibu, mwanangu. Hapa ni kwenu."

Jatani alikuwa akitazama chini, kwenye kizingiti cha saruji. Viatu vyake vilikuwa nusu hatua tu kutoka pale. Midomo yake ilicheza, lakini hakuna aliyesikia alichosema.

"Karibu mara ya tatu," akasema Mzee Buya, na safari hii sauti haikuwa ya kukaribisha. "Au nyumba yangu inanuka?"

Hakuna aliyecheka. Tangu miaka ile wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma walipouana kando ya mto, kuna mambo hayafanyiwi mzaha Garsen, na Muorma kusimama nje ya mlango wa Mpokomo akikataa kuingia ni mojawapo. Mzee Diba akamshika mkono. "Ingia, Jatani. Unatuaibisha." Jatani aliyumba kama nguzo iliyolegea shimoni, lakini miguu haikuondoka.

Mzee Buya akawapa wageni mgongo. Mke wake, Amina, akawaambia wanawake wa Kiorma kwa sauti ya chini wawafuate watu wao. Mlango ukafungwa.

Nje, wanaume wawili walimshika Jatani kwapani, wakamburuta mpaka kwenye tuktuk. Mwanaarusi hakuliona hilo. Alikuwa ameketi kitandani, macho makavu, akitazama kikapu.

* * *

Walijuana siku ya mnada wa mifugo, soko limejaa vumbi, mbuzi na watu. Mwanaarusi alikuwa na cherehani yake kwenye baraza, karibu na jiko la chapati la Nyevu. Mtu mrefu mwembamba alikuwa akipenya kwenye umati, na beberu mmoja akampitishia pembe kwenye mfuko wa shati. Mfuko ukabaki unaning'inia.

"Mbuzi amekuchagua," akasema Mwanaarusi bila kuinuka.

"Angechagua mfuko wenye kitu."

"Vua nikushonee."

"Dada, mbele ya soko zima?"

"Basi simama nikushonee ukiwa umelivaa. Lakini tulia. Naona unatetemeka, nisije nikakudunga."

"Nikitulia zaidi ya hapa nitakuwa nimekufa."

Mwanaarusi akainua macho. Mkono wa kulia wa yule mtu ulikuwa ukicheza peke yake, kidole gumba kikisugua cha shahada, kama anayevuta tasbihi isiyoonekana. Uso wake ulikuwa mtulivu, wa mtu aliyezoea kutazamwa. Sindano ilipofika chini ya mtulinga wa kushoto, akarudi nyuma kidogo.

"Hapo usidunge. Hapo kuna betri."

"Betri ya simu?"

"Betri yangu mimi."

Akamweleza, huku uzi ukipita. Alikuwa na duka la dawa za mifugo, na zamani alikuwa akizunguka mabomani kuchanja ng'ombe. Mkono ulianza kutetemeka akiwa na miaka thelathini na sita. Wengine wakasema jini, wengine wakasema miraa. Daktari wa Mombasa akasema ni ugonjwa wa Parkinson, unaokula sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Baada ya miaka sita dawa zikaanza kuchoka. Nairobi wakamtia nyaya mbili nyembamba kichwani, wakazishusha chini ya ngozi mpaka kwenye betri kifuani.

"Inatuma umeme kidogo kidogo. Ubongo unatulia, nami natulia. Kiasi."

"Kwa hiyo nikikugusa nitapigwa na stima?"

"Wengi wanataka kujaribu. Hakuna aliyerudi kulalamika."

Nyevu alicheka mpaka chapati ikaungua. "Shona, mwenzangu, shona. Huyu maneno yake hayatetemeki."

Wiki iliyofuata Jatani alileta shati jingine, halafu suruali isiyokuwa na kasoro yoyote. Mwezi wa pili alikuwa akimwita Fundi, naye akamwita Bwana Betri. Kila jioni baada ya magharibi simu ililia.

"Umekula, Fundi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali na kambare."

"Hukuniwekea?"

"Nimekuwekea miiba."

"Miiba ya mkono wako nitaila. Nitaita daktari baadaye."

Mambo yakafika kwa wazee. Mzee Buya alinung'unika wiki mbili, kisha akasema waje. Na Alhamisi kabla ya ile Jumamosi, Mwanaarusi akasema neno ambalo baadaye alitamani angelimeza.

"Jatani, ami yangu ni mtu wa macho. Atakupa kahawa mkononi, na atakutazama ukiishika. Jumamosi, huo mkono... hauwezi kutulia kidogo?"

"Si lazima," akaongeza haraka. "Nilikuwa nasema tu."

"Utatulia," Jatani akasema.

* * *

Jambo ambalo Mwanaarusi hakulijua ni kwamba mashine ile ilikuwa na mipango miwili. Katika mpango wa kwanza ilipiga mapigo mia moja na thelathini kila sekunde. Mkono ulinyamaza kabisa, lakini baada ya saa chache miguu ilinata ardhini na sauti ikazama kooni. Katika mpango wa pili ilipiga sitini. Miguu ilifunguka, sauti ikatoka, na mkono ukarudi kutetemeka. Muuguzi wa kliniki ya Nairobi, Hodan, alihangaika naye miezi mingi akipandisha hiki na kushusha kile. Mwishowe alimwambia, "Vyote viwili kwa pamoja bado sijaweza kukupa. Chagua." Jatani alichagua miguu. Akarudi Garsen na mpango wa pili, pamoja na rimoti ndogo kama simu ya zamani, na onyo kwamba asibadilishe bila kupiga simu.

Jumamosi ile, saa mbili asubuhi, aliiweka rimoti kifuani akarudi mpango wa kwanza, kisha akapandisha nguvu mpaka alama ya mwisho aliyoruhusiwa. Mkono ukanyamaza. Akazunguka uani mara tatu na miguu ikamtii. Dada yake mkubwa, Dahabo, aliyekuja kutoka Bura kwa ajili ya posa, alimtazama akalengwa na machozi. Wote wawili hawakukumbuka kwamba miguu huchelewa kusema.

"Na hicho kidude mfukoni?" Dahabo akauliza walipokuwa wakitoka. "Kanzu imevimba. Watadhani una simu ya mke mwingine. Lete."

Akakitia kikapuni, chini ya kanga, juu ya buni na samli. Alikusudia kukitoa kwenye mlango wa uani. Lakini pale mlangoni Amina alipokea kikapu kwa mikono miwili, akakifunga kwa leso palepale, huku akicheka na kuwakaribisha. Dahabo akaona si adabu. Angekiomba baadaye, watu wakishakula.

Hawakula. Na kikapu cha posa kina sheria yake, ambayo nyumba zote mbili ziliishika. Kikishapokelewa hakifunguliwi mpaka jibu litoke. Upande wa mwanamke wakikifungua, wamekubali. Siku ya ishirini na moja ikifika kikiwa kimefungwa, hurudishwa kwa mshenga, na mambo yameisha. Na aliyekileta akikiomba, hata akiomba kijiko kilichomo ndani, ameondoa posa yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Jatani alipelekwa Bura, kwa Dahabo, ambaye mume wake analima mahindi kando ya mfereji wa skimu ya umwagiliaji. Akakaa pale amekwama kwenye mpango wa kwanza. Simu aliizima. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyemeza pamba, na alikwishasikia kwamba Garsen wanasema alibebwa kwa sababu alikuwa amelewa.

"Niende nikakiombe," Dahabo alisema kila asubuhi.

"Ukikiomba umenivunjia posa."

"Basi nimpigie yeye mwenyewe nimweleze."

"Usimpigie." Ilimbidi apumzike katikati ya maneno. "Alitaka mikono itulie. Imetulia."

Zamu yake ya kliniki Nairobi ilikuwa Jumatatu ya wiki ya tatu. Pale wangeweza kumbadilishia hata bila ile rimoti. Alifika barabarani ameshikwa huku na huku, basi likasimama, akashindwa kuinua mguu kukanyaga ngazi. Kondakta akasema, "Mzee, tunachelewa." Jatani alikuwa na miaka arobaini na minne. Akakataa kubebwa, basi likaondoka.

* * *

Huko Garsen, Mwanaarusi alishona. Alishona sare za shule, mapazia, dera za watu wengine. Wiki ya kwanza alipiga simu ya Jatani mara nyingi, wiki ya pili mara mbili. Ya tatu hakupiga.

"Wanasema alikuwa amelewa," Nyevu alisema siku moja, akikanda unga.

"Jatani hanywi."

"Basi ukoo wake ulimkataza, akaogopa kukuambia."

"Angekuwa mwoga asingekuja mpaka mlangoni. Alikuja, akaitazama nyumba yetu, akaona haimfai. Nilimwona kwa macho yangu, Nyevu. Ami alimkaribisha mara tatu."

"Na macho yake yalikuwaje?"

Mwanaarusi akaendelea kushona. Macho ya Jatani hakuyaona. Alikuwa akitazama mikono.

Jumatano, siku ya kumi na nane, simu ililia kwa namba asiyoijua.

"Naongea na Mwanaarusi Komora?"

"Ndiye mimi."

"Naitwa Hodan, muuguzi wa kliniki anayohudhuria Jatani, Nairobi. Hakufika Jumatatu na simu yake imezimwa. Umeandikwa hapa kama mtu wa karibu."

"Nimeandikwa na nani?"

"Na yeye. Tangu mwezi wa tano."

Mwanaarusi alisimamisha mguu juu ya kanyagio la cherehani. "Basi futa," akasema. "Huyo mtu wa karibu hajamwona siku kumi na nane."

"Dadangu, ugomvi wenu si kazi yangu. Niambie tu, mara ya mwisho ulipomwona alikuwaje?"

"Mzima kabisa. Hata mikono haikutetemeka."

"Haikutetemeka hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na miguu?"

"Miguu ilikuwa na kiburi. Alikaribishwa nyumbani kwetu, akasimama mlangoni akakataa kuingia."

"Huo mlango una kizingiti?"

"Una kizingiti. Kwani nini?"

Hodan akavuta pumzi. "Hakukataa, dadangu."

Akamweleza polepole, kuhusu mipango miwili, kuhusu miguu na mkono, kuhusu namna mtu wa ugonjwa ule anavyoweza kutembea uwanjani na kuganda mlangoni, hasa pembamba, hasa akiwa na wasiwasi na watu wanamtazama. Kichwa kinasema ingia, miguu haisikii. Akitumia mpango wa kwanza, na nguvu ikiwa juu, hata sauti ya kujieleza haitoki.

"Kwa nini alibadilisha?" Mwanaarusi akauliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Sijui. Labda kuna mtu alimtaka atulie."

Nyevu aliyekuwa akisikiliza akaona rafiki yake ameshika meza ya cherehani kwa mikono miwili.

"Anaweza kurudisha mwenyewe?" Mwanaarusi akauliza.

"Kwa dakika mbili, akiwa na rimoti yake. Ndiyo inayonitia hofu. Kama anayo, mbona hajarudisha?"

Jioni ile Mwanaarusi alimpigia Dahabo. Simu ililia mpaka ikakatika. Mara ya pili Dahabo akapokea.

"Salaam aleikum, dada Dahabo."

"Waaleikum salaam. Leo umekumbuka namba."

"Jatani yuko wapi?"

"Kitandani. Juzi alitaka kwenda chooni bila kuniita, akaganda juu ya ubao wa kuvukia mfereji, akaanguka majini. Maji yalikuwa ya kiunoni, ndiyo maana bado unaniuliza yuko wapi."

"Na rimoti iko wapi?"

Dahabo akakohoa.

"Dada, nimeongea na muuguzi. Najua yote. Rimoti iko wapi?"

"Iko kwenu," Dahabo akasema. "Kikapuni, chini ya kanga. Lakini sikia vizuri, Mwanaarusi. Mimi sijaomba kikapu. Umeniuliza, nimekujibu. Sijaomba kikapu wala kilichomo. Shahidi yangu Mungu."

"Hujaomba," akasema Mwanaarusi. "Nimesikia."

* * *

Alhamisi asubuhi Mzee Buya alikuwa akinywa chai na mahamri, shuka begani. Kikapu kilikuwa pembeni ya kabati, leso yenye maua mekundu imefungwa mafundo mawili. Mwanaarusi aliketi mkekani mbele ya ami yake, akamweleza kila kitu, pamoja na lile neno lake la Alhamisi. Mzee alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo alikuwa mgonjwa."

"Ndiyo, ami."

"Na nilimuuliza kama nyumba yangu inanuka."

"Ndiyo, ami."

Mzee akaweka kikombe chini. "Kikapu kinarudi Jumamosi kwa Diba. Na kila kilichomo. Siku mbili si nyingi."

"Kikirudi kimefungwa, mimi nimemkataa."

"Labda ndivyo inavyofaa." Hakulisema kwa ukali. "Mimi si mtu mbaya, mwanangu. Mpaka jana nilikuwa nakataa kwa hasira. Leo nakataa kwa akili. Huyu mtu ana nyaya kichwani. Leo miguu, kesho mikono, keshokutwa kumeza. Baba yako aliniachia wewe, hakuniachia nikupeleke ukawe muuguzi. Una miaka thelathini na moja. Utamuuguza hivi mpaka lini?"

"Sijui."

"Sijui si jibu."

"Ndilo nililonalo, ami. Nitoe rimoti peke yake. Nitafunga tena vilevile."

"Kikapu hakifunguliwi nusu. Ukitia mkono humo, umejibu. Wala sitaweza kukusemea wala kukutetea. Nitakuwa nimeshapewa jibu na mtu mwenyewe."

Amina alisimama mlangoni na birika. Nje magari ya Lamu yalikuwa yakipiga honi.

Mwanaarusi aliogopa. Aliyaona yote aliyotajiwa, akajua kwamba ami yake hakudanganya hata kidogo. Kama angengoja siku mbili, Jatani angepata miguu yake na yeye angebaki na cherehani yake, na hakuna mtu angemlaumu. Akasogea kwa magoti mpaka penye kabati. Fundo la kwanza lilifunguka upesi. La pili lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno.

Mzee Buya akainuka, akachukua kofia yake, akaenda dukani kwake.

* * *

Nyevu alifunga jiko lake akafuatana naye. "Msichana haendi kwa mwanamume peke yake," alisema, "na mimi sijawahi kuona hiyo skimu." Walifika Bura saa saba mchana, wakapanda bodaboda moja wote wawili, vumbi jekundu likiwatia nyusi mpya.

Jatani alikuwa kwenye kiti cha plastiki chini ya kipenu. Fulana ilimning'inia mabegani. Mikono ilikuwa juu ya magoti, imetulia kama imewekwa na mtu mwingine. Uso haukusogea alipomwona. Mwanaarusi aliogopa uso ule kuliko kitu chochote, mpaka alipoyaona macho.

"Umekirudisha," Jatani akasema. Ilibidi ainame kumsikia.

"Nimekifungua."

"Nani alikuruhusu?"

"Nimekifungua mwenyewe, mbele ya ami. Kanga umechagua vibaya, lakini samli ni nzuri."

Jatani akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na hasira. "Ulitaka mikono iliyotulia. Hii hapa. Itazame ushibe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia niache."

"Ningekuambia uache."

"Ndiyo maana." Akapumzika. "Nilitaka siku moja tu. Siku moja nisimame mbele ya watu wako, wasitazame mkono."

"Hawakuutazama. Mimi ndiye niliyeutazama, Jatani. Peke yangu. Nilikuwa nyuma ya pazia nikifurahi, na wewe umekwama mbele yangu. Nisamehe."

Hakumsamehe palepale. Alitazama mfereji. Halafu akasema, "Lete hicho kidude."

Kioo cha rimoti kilikuwa cheusi. Betri zake zilikuwa zimekwisha. Dahabo akakimbia ndani kuleta redio ya mumewe, iliyokuwa ikisoma matangazo ya vifo. Nyevu akaing'oa betri katikati ya jina la marehemu. Rimoti ikawaka. Wakampigia Hodan, simu ikawekwa juu ya kinu wote wasikie.

"Shusha nguvu kwanza," Hodan akasema. "Alama moja, ngoja, alama nyingine. Unasikia kizunguzungu?"

"Hapana."

"Sasa badilisha mpango. Imeandika mbili? Vizuri. Sikilizeni. Mkono ndio utakaorudi mapema. Miguu itachelewa, labda saa, labda mpaka kesho. Na siwaahidi kwamba itarudi yote. Amekaa muda mrefu bila kutembea."

Mkono ulianza kabla ya simu kukatwa. Kwanza kidole gumba, kisha kiganja, kisha mkono mzima ukawa unagonga goti. Jatani aliutazama kama mgeni asiyealikwa. Mwanaarusi akanyoosha wake kuushika.

"Usiushike," akasema. "Uache. Uzoee kuuona."

Akauacha.

Wakangoja. Adhana ya alasiri ikapita. Jatani akasimama, akayumba, akaiambia miguu yake iende, miguu ikakataa. Akaketi. Nusu saa baadaye akajaribu tena, akakataliwa tena. Dahabo akageuza uso.

Mwanaarusi akakumbuka jambo ambalo Hodan alilitaja Jumatano katikati ya mengine, kwamba miguu isiyosikia kichwa wakati mwingine husikia macho. Akatoa chaki ya kushonea kwenye mkoba wake. Akapiga magoti sakafuni akachora mstari mbele ya kiti, kisha mwingine, kisha mwingine, sambamba, nafasi ya hatua moja moja, kama anayepima kitambaa. Alifika ukingoni mwa kipenu, chaki ikakatika, akaendelea kwa kijiti kwenye udongo.

"Usiende kwangu," akamwambia. "Usiutazame uso wangu. Ruka mstari."

"Nina miaka arobaini na minne, Fundi. Unanichezesha kibao kama mtoto?"

"Ruka, Bwana Betri."

Aliinama kuutazama mstari wa kwanza. Mguu wa kulia ulitetemeka kisiginoni muda mrefu, wanawake watatu wakishika pumzi. Kisha ukainuka, ukapita. Wa kushoto ukafuata. Mstari wa pili. Wa tatu alikwama, akarudi kuutazama, akauruka. Huko kwenye udongo mistari ya kijiti ikaisha, kwa sababu Mwanaarusi alisahau kuendelea kuchora, na Jatani akaenda hatua nne, tano, sita, mbaya mbaya, za kuburuta, mpaka akaushika mti wa mpapai.

"Mbele ya ami yako nitaimwaga kahawa," akasema. Sauti ilikuwa imeanza kupanda.

"Imwage."

"Na watu wataniona."

"Watakuona umeolewa na mimi."

"Nimeoa."

"Tutaona."

Dahabo ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kilichokuwa karibu sana na kilio.

Simu ya Mwanaarusi ikalia. Alikuwa ni Mzee Buya.

"Umefika salama?"

"Tumefika, ami."

"Anatembea?"

"Hatua kumi na kitu."

Nyuma ya mzee mtu alikuwa akiulizia mbegu za nyanya. "Mpe simu," Mzee Buya akasema. Jatani akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaishikilia sikioni kwa shida. Hakuna aliyesikia alichoambiwa. Alijibu mara mbili tu, "Ndiyo, ami," na "Hapana, sikulichukia lile neno," kisha akamrudishia Mwanaarusi simu, na mzee alikuwa ameshakata.

Nikahi imepangwa Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, Garsen. Jumatatu itakayofuata wote wawili watapanda basi kwenda Nairobi, Hodan apime upya. Mashine iko kwenye mpango wa pili. Jatani anatembea, asubuhi vizuri kuliko jioni. Mkono wa kulia hauwezi kuandika, kwa hiyo cheti cha ndoa atakitia kidole gumba.